Ndoo 3 za samadi

Mke wangu alitaka maua. Nikamwambia hilo niachie mimi. Nikaleta pakiti ya mbegu za kosmosi, zile nyembamba nyeusi zimepinda kama vipande vya kucha, nikalima tuta chini ya dirisha la sebule halafu nikamwaga samadi ya kuku ndoo 3. Tatu jamani. Na pakiti imeandikwa kabisa udongo wa kawaida unatosha, mbolea usizidishe, mi nikasema hawa wanatubania tu.

Siku ya nane zikaota. Zikaanza kukua, yaani kukua, vile vijani vyembamba laini kama manyoya, na kila Jumamosi mi huyo na ndoo naongezea. Magotini, kiunoni, kifuani, mwezi wa tatu unaanza zishanipita kichwa na ua hakuna hata la dawa. Sebuleni tunawasha taa mchana. Mke wangu akauliza, hivi hiyo ni ya mbao au? Nikamwambia subiri, zinajipanga.

Usiku mmoja ikaja mvua na upepo. Nikatoka na bukta, tochi mdomoni, kamba mkononi, nikazifunge. Sasa kosmosi ukiinenepesha vile shina linakuwa refu laini halibebi kitu, nimekumbatia la kwanza tu nikaona na wenzake wote wanakuja. Zikanilaza chali kwenye matope. Tochi sijui imeenda wapi, nikijaribu kuinuka majani yaliyolowa yananiingia mpaka masikioni, na ile samadi ikishapata mvua harufu yake acha tu. Ndo nasikia jirani kafungua dirisha.

"Nani huyo? Mwizi?"

"Ni mimi jirani."

Kimya. "Unafanya nini huko saa hizi?"

Sasa hapo unajibu nini. Nikasema, "Bustani."

Akafunga dirisha.

Asubuhi nikawa nakokota kile kichaka kwenda kukitupa nyuma ya stoo, kule hatupitagi, ila ndo pale siku ile niliichania pakiti kwa meno mbegu zikaruka. Kumbe moja iliingia kwenye ufa wa saruji. Haijawahi kuona ndoo, maji yake ni ya mvua, jua linaipiga kutwa nzima. Imenifika magotini tu na ina maua 11, nilihesabu, ya pinki na katikati njano, nyuki wanapishana juu yake kama wanalipwa kwa saa. Nikakaa chini pale pale na matope yangu nikaiangalia, roho inauma.

Mke wangu akakata matatu akaweka kwenye glasi mezani. "Haya ndo maua. Hii uliipa nini?"

Nikamwambia ni siri ya mkulima.

Jioni nikatafuta ndoo ya samadi nikaiongezee kidogo, kidogo tu. Siioni. Nikimuuliza yeye anapanga maua.