Huku hata shimo lina mwenyewe

Wakuu, kila nikirudi bongo likizo naulizwa swali lilelile, eti huko Marekani barabara hazina mashimo kweli? Nikisema yapo watu wananiangalia kama nimekula hela ya mchango wa harusi. Yapo bana, tena mengi. Hapa Minnesota mwezi wa tatu ukiendesha usiku inabidi uwe na akili ya dereva wa daladala za zamani za Mbagala, shimo unalijua kwa kumbukumbu kabla hujaliona.

Sababu ni maji tu. Yanaingia kwenye nyufa za lami, usiku yanaganda, na maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9 hivi, yanainyanyua lami, mchana jua likitoka barafu inayeyuka chini kunabaki uwazi, likipita lori moja kwisha habari. Kesho yake tena hivyohivyo. Kwahiyo adui ni yuleyule anayetumaliza sisi masika, ila huku amepata na silaha ya baridi.

Mwaka wangu wa pili nilipasua tairi kwenye shimo moja karibu na kanisa, asubuhi naenda kazini, baridi ile ya kuganda kope. Nafika kazini nalalamika, mama mmoja mtu mzima mwenyeji wa hapahapa akaniuliza, umeripoti? Nikacheka. Yani nilicheka kabisa, maana ukishakulia Dar mtu akikwambia ukaripoti shimo unajua anakutania. Akachukua simu akanionyesha fomu ya kaunti, yani kama wilaya kwetu, kuna ramani, unaweka kidole pale shimo lilipo, picha, jina, namba ya simu, tuma. Nikatuma ili aniache nifanye kazi.

Mchana nikapigiwa. Jamaa wa idara ya kazi za umma ya kaunti, anaongea huku anatafuna, akaniuliza kitu kimoja tu: hilo shimo liko kabla ya kanisa au umeshalipita kanisa? Nikasema nimeshalipita. Akasema aah basi hilo siyo letu hilo ni la mji, kipande chetu kinaishia kwenye taa za pale kanisani, ila usihangaike nimeshawarushia wenzetu, andika namba hii ndo ya kufuatilia. Dakika mbili hazikufika.

Mimi lami haikunishangaza, lami hata kwetu ipo. Kilichonishangaza ni huyu bwana kujua mpaka wake unaishia kwenye taa za kanisa kama mzee wa kijijini anavyojua shamba lake linaishia kwenye mwembe gani.

Siku ya tatu likaja lori la mji na watu watatu, mmoja kashika bango la kusimamisha magari, mmoja koleo, mmoja usukani. Wakamwaga ile lami baridi ya kwenye lori, wakaipiga piga na koleo, lori likapita juu na tairi lake mara mbili, wakaondoka. Msidhani lilikaa. Wiki mbili tu kiraka kimeng'oka, maana hiyo lami baridi ni ya kuzugia tu mpaka mitambo ya lami ya moto ifunguliwe kukishapata joto. Wakarudi wakaziba tena. Mwezi wa saba ndo wakaja na msumeno wakakata pale pembe nne safi, wakatoa uchafu wote, wakaweka lami ya moto wakashindilia. Shimo moja safari tatu, na hizo tatu zote ukiingiza ile namba unaziona zimeandikwa na tarehe zake.

Hela ya tairi je? Niliwaandikia kudai. Wakanijibu ukurasa mzima wa heshima, tumechunguza madai yako, tumeona kabla yako hakuna mtu aliyewahi kutuarifu kuhusu hilo shimo, kwahiyo hatuwajibiki kulipa. Yani kwa kuwa mimi ndo wa kwanza kuripoti ndo maana silipwi! Nilikasirika wiki nzima. Ila lazima niseme ukweli, nilikuwa sijawahi kukataliwa na ofisi ya serikali kwa barua yenye jina la aliyenikatalia na simu yake ya mezani.

Jimbo hili lina kaunti 87, na sheria ya jimbo inataka kila kaunti iwe na injinia wa barabara aliyesajiliwa, siyo shemeji wa mtu. Barabara nyingi za kaunti unazitambua kwa kibao cha bluu cha pembe tano chenye namba ya njano. Za jimbo zina kibao chao, za mji zina majina tu. Kwahiyo hata mgeni akiharibikiwa barabarani kwa kuangalia kibao tu anajua yupo mikononi mwa nani.

Na hela nayo ina njia yake inayojulikana. Kodi ya mafuta na ada za magari za jimbo zinaingia kwenye mfuko, na katiba yenyewe ya Minnesota imeandika mgao, asilimia 95 ya mfuko inagawanywa 62 kwa barabara kuu za jimbo, 29 kwa kaunti, 9 kwa miji. Kwenye katiba jamani! Waziri akiamka vibaya hawezi kuibadilisha. Siyo kwamba wana hela za kumwaga, kodi ya mafuta ya serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni na haijaongezwa tangu 1993, lami imepanda bei mara ngapi toka hapo. Kinachopungua wanakamua wenye nyumba. Mwezi wa kumi na moja inakuja karatasi nyumbani inakwambia mwakani kaunti inakusudia kukutoza kiasi hiki, mji kiasi hiki, shule kiasi hiki, ukitaka kubishana njoo kwenye kikao siku fulani. Ndugu zangu mnaoniomba hela mwezi huo naomba muwe mnaelewa.

Nilienda hicho kikao mara moja, nilitaka tu kuona. Wanakaa wale makamishna wa kaunti, kama madiwani wetu, kila mwananchi anapewa dakika tatu. Kuna mzee mkulima alisimama na picha tatu za kalavati moja, kila picha ya mwaka wake, akaziweka mezani hakusema maneno mengi. Makamishna wakamgeukia injinia, injinia akafungua daftari akasema hilo lipo kwenye mpango wa miaka mitano, mwaka wa tatu. Mzee akauliza kwanini siyo wa pili. Wakaanza kubishana pale mbele ya watu mwaka wa pili au wa tatu. Mimi nimekaa nyuma na koti langu nikawaza, kwetu tungekuwa bado tunabishana kama kalavati lipo.

Sasa nyumbani. Kwa karatasi mgawanyo kwetu upo vizuri tu, TANROADS wana barabara kuu na za mikoa tangu 2000, TARURA ikaanzishwa 2017 kushika za wilaya mijini na vijijini, ni zaidi ya kilomita laki moja na nyingi bado za udongo, na mwaka 2021 bajeti ikaongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya hizo barabara. Injinia wa kwetu anayeambiwa atunze mtandao wa namna hiyo na mvua za masika na vuli mimi namuonea huruma, simtukani.

Ila ukishaingia kwetu Mbezi, kutoka barabara kubwa unaingia ndani, unakata kwa fundi magari, unashuka bondeni, pale kwa mama, hakuna anayejua mpaka unaishia wapi. Desemba iliyopita nilikuwepo. Mtaro ulikuwepo, nimeucheza utotoni, sa hivi umejaa mchanga na pampasi, halafu jirani mmoja kanunua gari akamwaga kifusi juu ya mtaro apate pa kuingilia, bomba hakuweka. Maji yakifika pale yanapanda barabarani. Mvua moja tu ya vuli barabara ikawa korongo, bajaji zinaishia juu, mama na miguu yake ile anashuka kwa kushika ukuta wa watu. Nikafuatilia. Ofisi ya kwanza wakasema siyo yetu nenda kule, kule wakasema hii ni ya mtaa, mtaani wakasema hiyo si ilishapelekwa kule. Nilizunguka siku mbili na hakuna aliyenijibu vibaya, wote wakarimu, chai nilipewa, shimo tu ndo halikuwa na mwenyewe.

Jioni tukafanya kama mnavyojua. Grupu la WhatsApp, kila nyumba elfu ishirini, mimi kwa kuwa nimetoka Marekani laki mbili, tipa mbili za kifusi, vijana na sepetu, mpaka saa moja usiku tumemaliza, wamama wametoa maji ya kunywa, watu wanacheka. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za likizo yangu. Mvua ya Jumapili ikakibeba kifusi chote ikakipeleka kwa watu wa bondeni, ambao nao kumbe walikuwa wametuchangia.

Hiyo siku ya kuchanga huku hamna, niseme tu ukweli. Huku jirani yangu niliongea naye kwa mara ya kwanza kwa sababu ya theluji. Saa kumi alfajiri unasikia chuma kinakwaruza lami, malori ya kaunti na ya mji yanasukuma, ukiamka barabara imeshasafishwa, ila mlangoni kwako wamekuachia tuta la theluji lililoganda kama zege, hilo la kwako baba. Mimi nikalisukumia barabarani. Jirani akatoka na kandambili kwenye hiyo baridi akaniambia taratibu kwamba kurudisha theluji barabarani ni kosa kisheria. Tangu siku hiyo tunapungiana mkono basi.

Na chumvi wanayomwaga ndo inamaliza magari, gari la miaka kumi chini limekuwa chapati kwa kutu. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 za hasi hata kuyeyusha haiyeyushi vizuri. Wenyewe wanatangaza kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuharibu galoni 5 za maji milele, na bado wanamwaga. Kila mtu na balaa lake.

Msije mkasema nawasifia mno. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara ya I-35W hapa Minneapolis lilianguka kwenye mto Mississippi saa za foleni ya jioni, watu 13 wakafa. Lilikuwa linakaguliwa. Uchunguzi ukakuta zile bati za kuungia vyuma zilipigiwa hesabu nyembamba tangu kwenye ramani, miaka arobaini imepita hakuna aliyeona, na siku hiyo mafundi walikuwa wamerundika mitambo na kokoto juu yake. Daraja jipya nalipita kila wiki na kila nikilipita natoa mguu kwenye breki sijui kwanini.

Kitu ambacho natamani tungeiba kwao hata kesho ni kile cha mwezi wa tatu na wa nne. Ardhi inayeyuka kuanzia juu, chini bado barafu, maji hayana pa kwenda, udongo chini ya lami unakuwa uji. Basi wanaweka vibao, hapa mwisho tani 5 kwa ekseli, hapa tani 7, malori ya kokoto yatapita njia ndefu au yatasubiri. Wiki chache tu. Kwetu barabara kubwa tuna mizani na zinafanya kazi, ila barabara ya mtaa masika imelowa chapachapa boza la maji linashuka, tipa la mchanga linashuka, la tofali linashuka, alafu tunailaumu mvua. Hivyo vibao vinahitaji rangi na nguzo tu.

Shida yake havina utepe wa kukata. Sijawahi kuona kiongozi kaletewa ngoma na matarumbeta kuja kuzibua mtaro. Kujenga tunajua na tunajenga kweli, mwenye macho aliona Kimara mpaka Kibaha ilivyopanuliwa, ila kuziba ufa kabla haujawa shimo hakuna sherehe ndani yake, na huku ndo kazi inayokula muda wa wale jamaa wa kaunti majira yote ya joto, wanatembea nyuma ya kimtambo wanamimina lami kwenye nyufa kama mtu anamwagilia bustani, kuanzia asubuhi mpaka jioni, hakuna anayewapiga picha.

Kabla sijaondoka nilimwandikia mama barua ya kupeleka ofisini. Picha tatu za ule mtaro, vipimo kwa hatua zangu, jina la jirani sikuliweka. Nikamwambia mdogo wangu ipeleke nakala mbili, moja waibakize, nyingine wapige mhuri wa kupokelewa, usiondoke bila mhuri. Akakaa masaa matatu ila akaupata. Jana nimempigia mama namuuliza wamejibu? Kasema bado baba, lakini ile yenye mhuri ameshaipiga lamineshen, ipo kabatini na vyeti vyenu.