Chuo kikuu kwa wazee wa Tabora: nani aingie kwanza?

Hoja ya wanaopinga wazee kufunguliwa milango ya chuo kikuu ni nzito kuliko watetezi wao wanavyokubali. Kijana wa Sikonge au Kaliua amefaulu kidato cha sita na ada anaitafuta hadi kwa wajomba. Bodi ya Mikopo imekuwa ikiweka ukomo wa miaka 35 kwa waombaji wapya, na sababu yake inaeleweka, kwa kuwa mkopo hulipwa kwa mshahara wa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo anayetaka chuo kitenge darasa kwa mstaafu wa miaka 65 ana kazi ya kueleza kwa nini. Kusema elimu haina mwisho hakutoshi, maana hakujibu swali la fedha wala la mhadhiri ambaye tayari amezidiwa na mitihani ya kusahihisha.

Mimi nalitetea wazo hili, ila si kwa sura zote linazokuja nazo.

Lilianzia Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973, pale Profesa Pierre Vellas alipoanzisha chuo kikuu cha umri wa tatu, yaani umri wa baada ya ajira. Chuo kilitoa wahadhiri na kumbi, wazee wakaja kusikiliza. Lilipofika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980 likabadilishwa kabisa. Huko wastaafu wenyewe ndio wanaofundishana, hakuna mtihani wala cheti, na aliyefundisha historia leo kesho anakaa kwenye kiti kujifunza lugha kwa mwenzake. Marekani nako kuna taasisi za Osher, za masomo ya wazee, ndani ya vyuo vikuu zaidi ya 120, zinazolenga watu wa miaka 50 na kuendelea. Kote huko lawama inayorudiwa ni moja: wanaojaa madarasani ni wale waliokwisha kusoma na wenye pensheni ya kuwatosha. Aliyeikosa shule utotoni anaikosa tena uzeeni.

Lawama hiyo kwetu inauma zaidi, kwa sababu nchi hii ilianza na wale wa mwisho. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu walikaa kwa vikundi wakaizunguka redio, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hakuna aliyeulizwa ana kidato gani. Ukiniambia leo tuanzishe mihadhara ya Jumamosi kwa walimu wakuu wastaafu pale mjini, nitauliza bibi wa Uyui aliyepita kisomo, kisha akaanza kusahau herufi kwa kukosa cha kusoma, amewekwa wapi.

Hata hivyo, mstaafu wa mjini naye si mtu wa kupuuzwa. Tabora ni mji wa shule na wa reli. Kuna wauguzi waliotumikia hospitali ya Kitete, mafundi wa reli, wapima ardhi, mabwana nyuki, na walimu wasiohesabika. Mtu wa aina hii anafikisha miaka 60, anapokea mafao ya mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayotolewa kwa mara moja, ambayo kwa baadhi yalipandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40, na kwa mara ya kwanza maishani ana mamilioni mkononi bila kuwa na mwalimu wa kumwambia ayafanyie nini. Ndugu wanakuja na mawazo ya bodaboda na kuku. Simu nayo inalia: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mzee anaisogeza mbali kidogo ili herufi zionekane, anakumbuka kwamba kweli kuna fundi anamdai, anabonyeza namba ya siri. Ujumbe huo huo wa matapeli unamfikia mkulima wa tumbaku siku aliyolipwa na chama chake cha ushirika. Hapo tofauti ya msomi na asiyesoma inakuwa ndogo sana, na hapo ndipo ninapoona darasa moja linaloweza kuwakalisha wote wawili.

Faida ya afya ya akili nayo hutajwa sana, wakati mwingine kupita kiasi. Utafiti mmoja unaojulikana, ulioongozwa na Denise Park huko Dallas, uliwachukua watu 221 wenye miaka 60 hadi 90. Waliojifunza kitu kigeni na kigumu, kama kupiga na kuhariri picha za dijitali, waliimarika kumbukumbu kuliko wale waliokutana kwa maongezi na matembezi tu. Lakini walijifunza takriban saa 15 kwa wiki, kwa miezi mitatu. Bibi wa Isevya anayelea wajukuu wanne atazitoa wapi saa 15? Tusimwahidi dawa ya usahaulifu. Tumwahidi somo zuri, basi.

Wengine watasema Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kipo na kina kituo hapa mkoani. Ni kweli, na mzee anayetaka shahada aende huko. Wengi hawataki shahada. Wanataka kujua kisukari kinavyofanya kazi mwilini, wosia unaandikwaje ili watoto wasigombane, na dalali akileta karatasi za kiwanja wazisomeje.

Kwa hiyo ningeanza na likizo ndefu, Julai na Agosti, madarasa yakiwa matupu. AMUCTA, chuo kikuu kishiriki cha hapa Tabora, hufundisha walimu wa elimu maalumu, kwa hiyo kina watu wanaojua kumfundisha asiyesikia vizuri au asiyeona mbali. Chumba kiwe cha chini, bila ngazi, choo karibu, maandishi ubaoni makubwa. Asiyesoma aanze na kisomo mle mle chuoni, na wa kumwelekeza awe mwalimu mstaafu, alipwe nauli na posho kama anavyolipwa mhadhiri kwa saa zake. Darasa lisipokuwa na wote wawili, aliyesoma na asiyesoma, fedha ya umma isiingie; wasomi peke yao wanaweza kuchangishana.

Na mwaliko usingoje mtu astaafu. Mifuko ya pensheni, PSSSF na NSSF, ina tarehe ya kuzaliwa ya kila mwanachama. Barua ikimfikia akiwa na miaka 55, anabaki na miaka mitano ya kujifunza kabla fedha yenyewe haijaingia.