Undugu wa matanga na makato ya SHA

Kila nikisikia mwanasiasa akisema ati sera zetu zirudi kwa utu na undugu wa Kiafrika, mi huuliza kitu moja tu: hesabu atasomewa nani? Manake hii stori ni ya zamani. 1965 serikali ya Jomo Kenyatta iliitoa kwa Sessional Paper namba 10, karatasi ya sera ya usoshalisti wa Kiafrika, Tom Mboya akiwa waziri wa mipango, na ndani waliandika kabisa kwamba kila mtu awajibikie mwenzake. Alafu karatasi hio hio ikasema pesa za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri na mvua. Sasa huo ni undugu gani, kumwongezea mwenye nacho? Waulize watu wa Turkana, huko kwa ukame.

Lakini siwezi sema haifanyi kazi, huku kwetu tumeiona. Chuo cha RIAT hapa Kisumu na kile cha WECO Kakamega, sa hii Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, zilianza na pesa za harambee, watu wa kawaida wakichanga. Baadaye harambee ikaharibika, machifu wakawa wanaitisha kwa nguvu, wanasiasa wanajionyesha, mpaka sheria ya maadili ya 2003 ikakataza maofisa wa serikali kutumia ofisi zao kukusanya michango.

Sasa kuna SHA, ile mamlaka ya serikali ya bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 mwenye peslipi anakatwa 2.75%, na mama mboga wa soko la Kibuye anakadiriwa kipato, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, tena alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Mama huyo huyo analalamika SHA ni wizi, na jioni anatuma 500 ya matanga bila kusukumwa. Si uchoyo, ni vile huko kwa matanga anaiona hesabu. Kwa grupu ya WhatsApp mweka hazina anaposti listi, wa 50 anaandikwa chini tu ya wa 5,000, ukiahidi na hujatuma jina lako linakaa hapo na mabano matupu mpaka uone haya, na jeneza likinunuliwa risiti inapigwa picha.

Ila tusidanganyane, huo mchango wa grupu una ubaguzi wake. Ukiwa na ndugu Nairobi na wengine ng'ambo bili ya hospitali inaisha kwa wiki moja, usipokuwa na mtu listi inaishia jina la nne. Na mgonjwa wa kusafishwa figo mara mbili kwa wiki, ni grupu gani itamchangia mwaka mzima? Hapo lazima iwe ya nchi nzima na iwe ya lazima, kwa hivyo makato mi nayaunga mkono.

Kenye sikubali ni kuitiwa undugu wakati wa kutoa na kufungiwa mlango wakati wa hesabu. Kila hospitali ya kaunti ibandike pale getini, kila mwezi, SHA imeilipa ngapi na hospitali bado inaidai SHA ngapi. Watu wa ofisi watasema ooh, siri za wagonjwa, na hakuna mtu ameitisha jina la mgonjwa.