Midomo Minane

Nimeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na tisa, na kama kuna somo nililofuzu kule bila kuibia, ni kuhesabu vichwa. Kadi ya mgao inasoma vichwa. Mko watano, mnapimiwa unga wa watu watano. Mko wanane, unga, njegere na mafuta vya wanane. Mtoto akizaliwa, hata jina la babu hajapewa, baba yake yuko foleni ya kumwandikisha. Na wapo marehemu, Mungu awarehemu, waliokula njegere miezi kadhaa baada ya kuzikwa.

Ndiyo akili niliyopanda nayo ndege kwenda Ohio, Marekani.

Tulipofika, wenyeji waliotupokea walitujazia fomu zote, na kadi ya chakula ikaja nasi tumekaa. Mwaka ule nilijifunza kwamba kadi hainunui sabuni wala kuku aliyechomwa akiwa bado wa moto ("Akipoa je?" nilimwuliza keshia, akaita mkubwa wake). Nikadhani ndiyo masharti yote. Baadaye nikapata kazi ya usafi hotelini, saa zote, kadi ikakatwa, na sikulalamika.

Mwanzoni mwa 2018 hoteli ikapunguza saa. Nikawa naingiza kama dola 1,400 kwa mwezi kabla ya makato, na nyumbani tuko mimi, Mama Furaha na watoto watatu. Kodi ikishachukua chake, kinachobaki unakiangalia tu. Nikaamua kuomba tena hiyo kadi ya chakula ya serikali, fudistampu, SNAP kwa jina lake la karatasini, safari hii peke yangu kama mwanaume. Yaani mimi na Furaha, wa darasa la sita, ambaye kila nikimwuliza maana ya neno anapandisha mabega.

Simu ya mahojiano ikalia nikiwa chooni. Sikuthubutu kuiacha, ukiikosa, kupangiwa nyingine ni kazi. Basi afisa upande mmoja, mkalimani upande mwingine, na mimi nimeketi pale pale. Mkalimani alikuwa na Kiswahili cha pwani, kile cha "niwie radhi ndugu yangu", kitamu hadi nikaona haya kumjibu kwa changu cha Fizi, Kongo.

"Ndugu yangu, afisa anauliza: nyumbani mnanunua chakula, mnapika na kula pamoja watu wangapi?"

Nikanusa mgao.

Nikataja sisi watano, kisha nikawakumbuka vijana watatu wa mlango wa pili. Tumetoka nao kambi moja, wako kwenye ghala la vifurushi, na tangu wahamie pale jiko lao halijui harufu ya kitunguu. Kila jioni wako kwangu. Bugali wanaushindilia kama wanajaza msingi wa nyumba. Kama hoja ni kula, hao walistahili kuandikwa kabla yangu.

"Wanane," nikasema.

"Na hao vijana wanafanya kazi?"

"Sana!" Nilidhani anauliza tabia zao. "Saa arobaini kwa wiki. Na Jumamosi wakiitwa, hawakatai."

Nikasikia mkalimani akivuta pumzi. Naamini alitaka kuniambia kitu, lakini yeye analipwa kutafsiri.

Ikaja barua: nipeleke karatasi za mshahara za watu wazima wote wanaofanya kazi. Nikagonga mlango wa pili.

"Mzee, za nini?" akauliza mdogo wao, yule mwembamba anayekula kwa niaba ya wawili. "Unataka kuanza kututoza?"

"Nawatafutia chakula, nyie!"

Wakazitoa. Nikazipanga vizuri kwenye bahasha, nikapanda mabasi mawili, nikazikabidhi mwenyewe dirishani na kudai risiti. Wengi hujichimbia kaburi bila ushahidi. Mimi risiti ninayo mpaka leo.

Barua ya pili aliifungua Furaha. Akaisoma, akairudia. "Baba, wanasema tuna hela nyingi."

Kumbe huku kila mdomo huandikwa pamoja na mshahara wake. Kaya ya watu wanane mwaka ule haikutakiwa kuzidi dola 4,477 kwa mwezi kabla ya makato. Kila kijana alikuwa anaingiza zaidi ya 2,200. Ukijumlisha na zangu, nilikuwa mkuu wa kaya ya dola elfu nane na ushee, na mfukoni sina nauli ya kurudi kujitetea. Kwa watu watano mpaka ulikuwa 3,118. Peke yangu sikufika hata nusu yake.

Mama Furaha hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaza kitenge, akavaa koti juu yake, akachukua barua. "Twende."

Dirishani afisa akaweka simu ya mkalimani katikati yetu. Hao vijana wanaishi kwenu? Mlango wa pili. Wananunua chakula pamoja nanyi?

"Wanunue?" Mama Furaha akanigeukia mimi, si simu. "Mwulize huyu, tangu lini wameleta hata kitunguu? Wanaleta midomo! Na Jumapili wanaleta na ya wenzao!"

Mkalimani alichelewa kutafsiri. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imelowa. Afisa akatueleza polepole kwamba mgeni anayekuja kula si mtu wa kaya, tukajaza upya, watano, na Mama Furaha ndiye aliyeshika kalamu.

Kadi ilipofika alipika sombe. Sufuria haijashuka, mlango ukagongwa. Akaufungua nusu, akauwekea mguu. Watatu wamesimama, mikono wameshanawa kabisa.

"Karatasi za mshahara mmekuja nazo?"

Wakatazamana. Furaha, ambaye mdomo wake hauna mlango, alikuwa ameshapeleka habari. Yule mwembamba akaingiza mkono mfukoni polepole, akatoa kitunguu.