Homoni za Utumbo: Tuziige kwa Sindano au Tuziamshe kwa Chakula?

Mtu akinywa glukosi, kongosho lake hutoa insulini nyingi kuliko akitiwa glukosi hiyo kwenye mshipa, hata kama sukari ya damu imepanda kwa kiwango kilekile. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1964: utumbo ndio unaolijulisha kongosho kwamba chakula kimeingia. Hufanya hivyo hasa kwa homoni mbili, GIP inayotoka mwanzoni mwa utumbo mwembamba na GLP-1 inayotoka zaidi sehemu za chini.

GLP-1 ya mwili huvunjwa ndani ya dakika mbili hivi, lakini semaglutaidi, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito iliyoundwa kwa kuiiga, huchomwa mara moja tu kwa wiki. Wanaoitetea wana hoja nzito. Huchochea insulini pale tu sukari inapokuwa juu, kwa hiyo peke yake si rahisi ishushe sukari kupita kiasi, na katika kisukari cha aina ya pili kongosho bado huiitikia, ilhali GIP huwa haliitikii vizuri tena.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. GLP-1 huchelewesha chakula kutoka tumboni. Sukari hupanda polepole na shibe hudumu, lakini kucheleweshwa huko huchangia kichefuchefu na kutapika, na mgonjwa aliyefunga kula kabla ya upasuaji aweza kubaki na chakula tumboni, kikapanda na kuingia mapafuni akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Isitoshe, katika utafiti mmoja watu waliopungua uzito walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopoteza mwaka mmoja baada ya kuacha sindano.

Wapo wanaoshauri tuziamshe homoni hizi kwa mpangilio wa mlo: mchicha na samaki vitangulie, ugali ufuate. Ni kweli kwamba wanga ukiliwa mwisho sukari haipandi sana kama ukiliwa mwanzo, na njia hii naipenda kwa kuwa haina gharama ya ziada. Hata hivyo homoni inayoamshwa na mlo bado huvunjwa upesi, hivyo nisingemwambia mgonjwa aache dawa kwa ajili ya mchicha. Naona Shirika la Afya Duniani lilipima vyema Septemba 2025, lilipoziingiza dawa hizi katika orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye unene uliokithiri pamoja na maradhi ya moyo au figo, si kwa kila anayetaka kupungua.