Hesabu jua kwanza, treni baadaye

Kila mwaka ikifika Oktoba, watu wanaojua kwamba napenda treni huanza kuniuliza swali lile lile kuhusu treni mbili za watalii za milima ya Uswisi: mwezi Desemba tupande Glacier Express au Bernina Express? Nami huwauliza: ile sehemu mnayotaka kuiona mtaipita saa ngapi? Wengi hunyamaza. Treni wameshaichagua, hoteli wameshalipia, lakini jua hawajalihesabu.

Desemba katika milima ya Uswisi jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Hilo ni jua la kwenye kalenda. Jua la bondeni ni jingine kabisa. Bonde likiwa jembamba na mlima ukiwa umesimama upande wa kusini, kivuli huingia mapema mchana, na theluji iliyokuwa inang'aa huwa bluu, halafu kijivu. Glacier Express kutoka Zermatt hadi St. Moritz huchukua takribani saa nane. Piga hesabu mwenyewe uone ni saa ngapi zitakazobaki za kuangalia milima, na ni ngapi utakazokaa ukiangalia sura yako kwenye kioo.

Mimi nililijua hili kwa kuumia. Mara ya kwanza niliposhuka kwa njia ya Bernina kwenda Tirano, mji wa Italia, ilikuwa Januari, na niliondoka St. Moritz alasiri, kwa sababu asubuhi niliona ni ya kulala. Tulipofika Ospizio Bernina, kituo cha juu kabisa katika njia ile, mwanga ulikuwa unakatika. Baada ya hapo sikuona kitu. Kule Brusio reli huzunguka juu ya daraja la matao tisa, ikapita chini yake yenyewe, ili treni ishuke bila mteremko kuwa mkali mno. Nilisikia magurudumu yakilia kwenye kona, nikajua tuko pale darajani. Nilikuwa nimesafiri mbali kuja kuliona daraja lile, na nililipita gizani.

Tangu siku ile naanza na jua. Nachukua sehemu moja ninayoitaka kuliko zote, naiweka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kisha narudi nyuma kwenye ratiba kutafuta treni itakayonifikisha hapo. Mengine yote hufuata.

Jambo la pili najua baadhi ya watu hawatalipenda: pandeni treni ya kawaida. Treni nyekundu za kila siku za njia ya Bernina hupita juu ya reli zile zile, madaraja yale yale, mahandaki yale yale wanayopita wenye mabehewa ya vioo hadi darini. Hakuna mlima wanaouona wao usiouona wewe. Treni ya vioo lazima uweke kiti mapema na uongeze pesa juu ya nauli, na ukishapewa kiti cha kushoto ndicho chako hadi mwisho. Treni ya kawaida hupita karibu kila saa, unahama dirisha upendavyo, unashuka kituo chochote, unapanda inayofuata. Ukibahatika kupata behewa la zamani, dirisha linateremshwa, na hapo utaipata baridi yenyewe usoni na harufu ya theluji. Kioo cha kupinda, pamoja na uzuri wake wote, hurudisha taa za ndani na makoti ya watu kwenye kila picha unayopiga.

Sisemi kwamba mabehewa ya vioo hayana maana. Ningekuwa nasafiri na mzee anayechoka kupanda na kushuka, ningemwekea kiti humo bila kusita. Lakini mtu mwenye miguu yake na siku mbili mkononi, anakosa mengi akikaa kiti kimoja.

Kukaa wapi? Ukitoka Chur kuelekea St. Moritz, kisha Tirano, kaa kulia. Upande huo ndio utakaoona daraja la Landwasser likija. Karibu na Filisur treni huanza kujikunja, na kutoka dirishani unaona kichwa cha treni yako mwenyewe mbele yako, kimeshatangulia juu ya matao sita ya mawe, mita 65 juu ya bonde. Daraja lile limejengwa kwa kupinda, na mwisho wake si ukingo wa kawaida: ni ukuta wa jabali uliosimama wima, wenye tundu moja jeusi, na treni inaingia humo moja kwa moja. Hayo yote hudumu sekunde chache tu, kwa hiyo simu iwe mkononi kabla hujafika, au bora zaidi iwe mfukoni. Baada ya St. Moritz, upande huo huo wa kulia utakupa mto wa barafu wa Morteratsch, ziwa Lago Bianco lililoganda, na baadaye barafu ya Palü.

Njia hii ya Bernina ilikamilika mwaka 1910, na tangu 2008 iko pamoja na ile ya Albula, inayopita daraja la Landwasser, katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kinachonishangaza mimi ni kwamba haina meno. Reli nyingi za milimani zina reli ya meno katikati ili treni isiteleze. Hii inapanda kwa magurudumu matupu, kila mita 1,000 ikipanda hadi mita 70, ikavuka mita 2,253 pale Ospizio na kuteremka hadi mita 429 pale Tirano. Asubuhi uko kwenye ziwa la barafu, na kabla ya chakula cha mchana treni inapita katikati ya mji wa Italia kama basi, magari yakiisubiri. Pasipoti iwe mfukoni, maana umevuka mpaka. Viza ya Schengen iliyokuingiza Uswisi ndiyo hiyo hiyo inayokuingiza Italia, ila usiiache hotelini.

Tunasahau pia kwamba kusafiri huku wakati wa theluji si jambo lililokuwepo siku zote. Glacier Express ilianza mwaka 1930, na kwa miaka mingi ilikuwa treni ya kiangazi tu, kwa sababu sehemu ya njia yake, ile ya Furka, ilifungwa na theluji kila mwaka. Kuna daraja kule, la Steffenbach, lililojengwa la kukunjwa: vuli ikifika mafundi hulikunja na kulilaza kwenye kingo mbili ili maporomoko ya theluji yapite bila kulizoa. Hadi leo hufanya hivyo. Ni handaki la Furka, zaidi ya kilomita 15, lililofunguliwa 1982, lililowezesha treni kupita mwaka mzima. Ndiyo maana nasikitika mtu akilala njia nzima kwenye kiti cha dirishani.

Kwa safari za kwenda na kurudi siku moja, ninayoipenda kuliko zote ni Preda na Bergün. Majira ya baridi barabara kati ya vijiji hivi viwili hufungwa kwa magari na kuachiwa watu wenye sleji, yaani mbao za kutelezea juu ya theluji, kilomita sita za kuteremka. Unakodi sleji Bergün, unapanda treni hadi Preda, unateleza kurudi, unapanda tena. Ndani ya treni hiyo sakafu imelowa theluji inayoyeyuka, sleji za mbao zimerundikwa mlangoni, watoto wana mashavu mekundu na hakuna anayeongea kwa sauti ndogo. Ili kupata kimo kile, reli inajizungusha ndani ya mlima mara kadhaa, kiasi kwamba kanisa la Bergün utaliona kulia, halafu kushoto, halafu chini kabisa.

Ukiwa Lucerne na mji mzima umefunikwa na ukungu, usikate tamaa ukarudi kitandani. Baridi nzito hukaa bondeni na ukungu hubaki nayo, huku juu kukiwa na jua kali. Angalia kamera za mtandaoni za kileleni kabla ya kunywa chai. Zikionyesha anga la bluu, chukua meli hadi Vitznau na treni ya meno hadi mlima Rigi, njia iliyofunguliwa 1871, ya kwanza ya aina yake Ulaya. Unapasua ukungu kwa ghafla, na bahari nyeupe inabaki chini yako, vilele vikichomoza kama visiwa. Kamera zikionyesha kijivu hadi juu, baki mjini na uende kesho. Angalia pia kama njia inafanya kazi: treni ya meno ya mlima Pilatus, yenye mteremko mkali kuliko zote duniani, hulala majira ya baridi, na watu hupandishwa kwa magari ya kebo kutoka Kriens. Glacier Express nayo husimama wiki kadhaa kabla ya msimu wa Desemba.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Tiketi za siku nzima zenye punguzo hutoka miezi sita kabla na bei hupanda kadiri siku zinavyokaribia, lakini ukishainunua umejifunga na siku hiyo, iwe jua iwe theluji. Mwenye siku kadhaa na asiyeishi Uswisi aangalie tiketi ya wageni iitwayo Swiss Travel Pass. Inafika hadi Tirano, inapanda hadi Rigi, na inakuachia uhuru wa kubadili mawazo asubuhi ile ile, uhuru ambao milimani una thamani kubwa. Reli za mlimani za Gornergrat na Jungfraujoch hazimo, huko unapata punguzo tu.

Na kama una kituo kimoja tu cha kushuka, ushuke Alp Grüm. Mita 2,091, jengo la mawe, mgahawa, hakuna kingine. Majira ya baridi hakuna barabara inayofika hapo. Treni ikiondoka, sauti yake hupungua polepole, kisha panakuwa kimya kiasi cha kusikia theluji ikidondoka kutoka kwenye paa. Sogea ukingoni, barafu ya Palü ikiwa upande mmoja na bonde la Poschiavo chini yako. Baada ya dakika chache utaiona treni uliyoiacha, ndogo, nyekundu, imezunguka chini ya miguu yako, ikapotea kwenye handaki, ikatokea tena chini zaidi ikielekea upande mwingine. Una saa nzima hadi inayofuata.