Ramani ikiganda gari bado linatembea

Nimesoma makala kuhusu kutegemeka kwa magari mapya. Mwandishi wake ametia skrini ya ramani iliyoganda na giaboksi inayoteleza kapu moja, kisha anasema magari mapya hayategemeki. Hapana jamani! Giaboksi ikifa unalala njiani. Ramani ikiganda unatoa simu mfukoni. Simu inahitaji mawimbi ya setilaiti angalau nne kujua ulipo, na ukipakua ramani mapema hata intaneti huihitaji. Kinachokera ni watengenezaji kufunga redio, kiyoyozi na ramani kwenye kompyuta moja: ikizima, vyote kwisha. Halafu masasisho ya ramani wengine wanayauza, kwa hiyo watu wanaongozwa na barabara za zamani. Mimi nipe injini imara na vitufe vya kubonyeza, ramani nitajitafutia.